Usiku tulioziba bomba kwa mpini wa jembe

Nianze na kosa langu, nisije nikajificha nyuma ya mafundi: lile bomba halikupasuka lenyewe. Nililivunja mimi, saa nane na dakika kumi usiku, nikidhani ninalitengeneza.

Tulikuwa tumemaliza siku nne bila maji. Anayeishi Bukavu, huku mashariki mwa Kongo, anajua jinsi watu wanavyolala siku kama hizo: robine moja ya maji inaachwa wazi, chini yake beseni la bati, ili maji yakirudi usiku kelele iamshe nyumba. Sisi tuko Nguba, upande wa kushuka ziwani, parsele (kiwanja) moja yenye nyumba tatu. Mbele anakaa Papa mmoja, dereva wa malori aliyestaafu. Katikati niko mimi na watoto wangu wawili. Nyuma, kwenye aneksi, anakaa Mama anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, naye ana watoto watano. Sote ni lokateri, wapangaji. Konteri (mita ya maji) ni moja na bomba la kuingia ni moja. Hilo la bomba moja liwekeni akilini.

Ilikuwa Novemba 2023. Maji yalirudi yakikohoa, kama kawaida yake: hewa kwanza, mabomba yakagonga ndani ya ukuta, kisha maji yenye rangi ya chai, kisha beseni likaanza kupiga kelele. Nikaamka, nikawasha tochi ya simu, nikaanza kupanga bidoni za maji. Kule chooni nikaona ile robine ndogo ya ukutani, inayopeleka maji kwenye tanki la choo, inatona. Tone, unahesabu moja mbili tatu, tone lingine. Ilikuwa inatona hivyo tangu mwezi uliotangulia, na kopo la maziwa chini yake lilitosha. Lakini usiku ule nilikuwa na usingizi, nilikuwa na hasira ya siku nne, na nilikuwa na kle (spana) kubwa ya meno ambayo mume wangu aliiacha alipokwenda kazini Kamituga. Nikaona leo nitalimaliza hili jambo.

Robine haikuzunguka. Nikaiegemea kwa uzito wangu wote. Mara ikazunguka kirahisi mno, bila ubishi wowote, na kabla sijaelewa maana ya urahisi ule, maji yalinipiga kifuani.

Baadaye nilielezwa kilichotokea. Bomba la chuma la zamani hupakwa zinki ili lisishike kutu. Fundi akikata uzi kwenye ncha yake, anaiondoa ile zinki, na hapohapo ndipo chuma kinabaki chembamba kuliko kwingine kote. Kutu inaanzia kwenye uzi na inakula kutoka ndani, mahali usipopaona. Nje bomba linaonekana zima. Ukilikaza, unakata kilichobaki. Kwa hiyo kama kwako kuna kiungo cha chuma kinachotona polepole, weka kopo, nenda kalale. Kesho yake, mchana, vani (kifungio cha maji) ikiwa imefungwa, ndipo aguse mtu anayejua.

Mimi nilifanya nini? Nilisimama nikiziba tundu kwa kiganja, kama mtu anayezuia ng’ombe kwa fimbo ya mtama. Maji yalikwenda dirishani, darini, usoni. Kwenye korido kulikuwa na ralonje, waya wa kurefusha umeme, chini sakafuni, simu mbili zinachaji, na maji yalikuwa yanaielekea. Mwanangu mkubwa, wa miaka 12, ndiye aliyepiga kelele: “Mama, umeme!” Alipanda kiti kilichokuwa karibu na mlango na kushusha swichi kuu, miguu yake ikiwa bado mikavu. Simuoni kama shujaa, alifundishwa shuleni, lakini usiku ule ni yeye peke yake aliyefanya kitu kwa mpangilio wake. Maji yakikimbilia nyaya, usiiname kuchomoa. Zima kwenye swichi kuu, ukiweza kuifikia pasipo kukanyaga maji. Na kama kisanduku chenyewe kimelowa, usikiguse, toa watu nje.

Ndipo nikakumbuka vani. Nilijua iko “mahali fulani karibu na konteri.” Nilihamia nyumba ile 2019 na sikuwahi kuifunga hata mara moja. Basi sikilizeni: shimo la konteri lilikuwa limefunikwa kwa bamba la sima (saruji). Juu ya bamba kulikuwa na magunia matatu ya makala (mkaa). Chini ya bamba kulikuwa na udongo, buibui, na vani ambayo gurudumu lake halikuwepo tena, limebaki kijiti cha mraba. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mvua, kwa nguo ya kulalia, simu mdomoni, nikijaribu kuzungusha chuma kwa vidole.

Papa wa mbele alitoka na koleo. Hakuuliza kitu. Akakamata kile kijiti, akajaribu, kikagoma. Mimi nikamwambia, “Papa, kaza!” Akasema, “Mama, umeshakaza moja leo.” Akaizungusha kidogo mbele, akarudi nyuma, akaidondoshea mafuta ya kupikia niliyoletewa na mtoto, mbele tena, nyuma tena, kila mara ikipata nafasi kidogo zaidi. Ilikuwa karibu saa tisa ilipofunga, na hata hivyo haikufunga yote: uzi mwembamba wa maji uliendelea kupita.

Wakati huohuo sauti ikatoka aneksi. “Nani amefunga maji?”

Hapa ndipo sehemu ambayo maelekezo ya kwenye simu hayaisemi. Kila mahali utaambiwa funga vani kuu. Sawa. Lakini vani kuu ya parsele yetu ni ya nyumba tatu, na ilikuwa ni mara ya kwanza maji kutoka baada ya siku nne, na hakuna aliyejua yangetoka mpaka saa ngapi. Mama wa aneksi alikuja na bidoni tupu mkononi. “Mama, siku nne! Watoto hawajaoga, sambaza zangu hazijaoshwa. Nipeni nusu saa tu nijaze.” Alikuwa na haki. Mimi nilikuwa na maji kwenye vifundo vya miguu, godoro la mdogo limelowa, na nikamjibu neno ambalo sitaliandika hapa.

Papa akakata shauri: “Tufunge, tuzibe, tufungulie. Nani ana mti mkavu?”

Mama wa aneksi, ambaye nilikuwa nimemtukana dakika moja nyuma, akaenda akarudi na jembe lake.

Papa alikata kipande cha mpini kwa msumeno, kama urefu wa kiganja na nusu, akakichonga kwa kisu cha jikoni mpaka kikawa kama karoti: ncha nyembamba, kisha inanenepa polepole. Akakizungushia utepe wa mpira wa ndani wa pikipiki. Alisema utepe uvutwe hadi ulie, na kila mzunguko ulalie nusu ya ule uliotangulia. Tukakipigilia kwa jiwe ndani ya bomba lililokatika. Tukafungulia vani. Sikuhesabu hata hadi kumi: kile kizibo kiliruka kutoka ukutani, kikagonga mlango wa choo na kuacha alama ambayo ipo hadi leo. Kama ningekuwa nimesimama mbele yake, ningekuwa ninasimulia jino.

Sababu yake ni mlima wetu. Kila mita 10 za kushuka wima kati ya tanki la maji na robine yako zinaongeza presha ya kama bari 1. Mtu aliye juu analalamika maji hayapandi. Sisi tulio chini, mita 40 chini ya tanki tuseme, yanatufikia na bari 4, na usiku, watu wengi wakiwa wamelala na robine zimefungwa, presha hiyo hainywewi na mtu. Kwenye bomba la nusu inchi hiyo ni nguvu ya kama kilo 8 inayosukuma bila kupumzika. Kizibo kitupu hakiwezi. Mara ya pili Papa alikipigilia zaidi, akaweka ubao mgongoni mwake, na ubao akaukingamizia kwa kipande kingine hadi kwenye ukuta wa pili, kama watu wanavyoegemeza mlango usiku wa wezi. Mti nao ukinyonya maji unavimba. Kikashika. Kilivuja, ndiyo, labda kikombe kwa saa. Mama wa aneksi alijaza bidoni zake mpaka saa kumi na moja alfajiri.

Papa alipokuwa anachonga, mimi nilikuwa kwenye simu. Hapa nilipoteza pesa. Namba ya kwanza haikupokelewa. Ya pili alipokea, akasikiliza, akasema, “Mama, usiku mimi sitoki. Saa kumi na mbili niite.” Nilimkasirikia. Leo ninamheshimu: kutembea Bukavu saa tisa usiku na mfuko wa vyuma begani si jambo la kumwomba mtu, na hakunidanganya. Wa tatu, namba niliyoipata kwa rafiki wa rafiki, alisema anakuja sasa hivi, ila nimtumie dola 50 za pikipiki na vifaa. Nikabishana hadi 20, nikamtumia kwa simu. Baada ya hapo simu yake ilikuwa imezimwa, na imezimwa hadi leo. Hakuuliza niko mtaa gani. Nilitambua hilo asubuhi, nikiwa ninakamua godoro.

Asubuhi nilikuwa bado na haraka ya usiku. Nilimchukua kijana wa kwanza niliyemkuta amekaa mbele ya duka la vifaa, tukapatana dola 60, kazi na vitu vyote ndani, bila karatasi. Nilimtazama akifanya. Alipasha moto tiyo (bomba) ya plastiki juu ya mshumaa mpaka ikalainika, akaivisha juu ya lile bomba la chuma, akapaka gundi, na maji yalikuwa bado yanatiririka kidogo kwa sababu ya vani yetu mbovu. Akapangusa kwa kitambaa, akasema tayari, fungulia.

Nilijua? Sikujua. Ninyi mjue: gundi ile inashika plastiki kwa plastiki kwa kuziyeyusha kidogo ili ziungane. Chuma haikiyeyushi. Na inataka mahali pakavu, na inataka kuachwa ishike kabla ya kubebeshwa presha. Mshumaa nao unaipunguza nguvu tiyo palepale unapoihitaji.

Ilidumu usiku mbili. Wa tatu, maji yaliporudi kwa nguvu, ilifunguka, lakini safari hii ndani ya ukuta, kimya. Nisingegundua kama Papa asingepita kwenye konteri asubuhi na kuuliza, “Mama, unafua?” Robine zote zilikuwa zimefungwa na kijishale kidogo cha konteri kinazunguka. Nikagusa ukuta wa chumba cha watoto, ulikuwa umetoa jasho hadi usawa wa kiuno. Gunia la unga lililoegemezwa pale lilikuwa limeshashikana kama matofali.

Nililia kidogo, nikiri. Pesa zilikuwa zimenitoka mara mbili na bomba lilikuwa palepale.

Jioni nilikwenda aneksi na kilo mbili za sukari na mche wa sabuni, kuomba msamaha. Mama akazipokea, akanikalisha, akaniacha nizungumze mpaka mwisho. Halafu akasema, “Sasa kwa nini hukuniuliza fundi? Wa kanisani kwetu yupo, ndiye aliyetengeneza kwa pasta.” Miaka minne ninaishi mita sita kutoka kwa mtu mwenye namba niliyoihitaji.

Nilimpigia. Kabla sijamaliza kulalamika alianza kuuliza. Maji mmeyafunga? Bomba ni chuma ao plastiki? Nusu inchi ao robo tatu? Nyumba ngapi zinakula kwenye konteri hiyo? Nitumie picha, moja karibu, moja kutoka mbali. Tangu siku ile, fundi asiyeniuliza chochote kwenye simu namwambia asante, nitakupigia.

Alikuja saa mbili asubuhi kama alivyosema, mzee wa miaka hamsini na kitu, na kwa muda mrefu hakufungua mfuko wake. Alitembea, akagonga ukuta, akatazama konteri. Kisha akaandika kwenye karatasi mambo mawili kwa kutenganisha: mkono wake dola 35, na orodha ya vitu. “Vitu nunua wewe mwenyewe, Mama. Mimi nitakusindikiza tu.” Dukani aliniwekea vani mbili viganjani, moja mkono huu, moja mkono ule. Zote za rangi ya dhahabu, ukubwa mmoja. Moja ilikuwa nyepesi kama kijiko cha chai. “Hiyo nyepesi ukiikaza miaka miwili inakatika,” alisema. Zile nzito zilikuwa ghali karibu mara mbili. Vitu vyote vilifika dola 48, nikadai fakture yenye muhuri.

Alipovunja ukuta alinikatia kipande cha bomba la zamani na kunipa nikichungulie. Ndani kulikuwa na kutu iliyoota kama magome, na katikati tundu ambalo penseli ya mtoto haikupita. Nilikuwa ninalaumu kila mtu kwa maji kutoka kidogo chooni.

Aliondoa chuma chote kilichokuwa ndani ya ukuta, akaweka tiyo mpya, na pale plastiki inapokutana na uzi wa chuma alitumia kiungo chenye uzi, akazungushia nyuzi za katani na teflon juu yake. Kule nje aliweka vani mpya ya kuingilia, na vani tatu ndogo, moja kwa kila nyumba. Hilo sikumwomba. Alisema, “Mkifungiana maji mtagombana tena.” Sijui Mama wa aneksi alimsimulia nini.

Alifungulia maji, akafunga robine zote, akakaa kwenye kibao mbele ya konteri kwa nusu saa akitazama kijishale, anakunywa chai yangu. Hakikusogea. Akakataa kufunika ukuta: “Uache wazi siku mbili, upite usiku wa maji mengi, ndipo tupige sima.” Na maji ya mwanzo tuyamwage hadi yawe meupe, ya kunywa tuyachemshe, maana bomba likikatika na presha ikashuka linanyonya uchafu wa nje. Kwa mji unaoijua kolera kama wetu hakuhitaji kunieleza mara mbili.

Kabla hajaondoka nikamwomba anipimie kile nilichokuwa nimekipoteza. Aliacha tiyo ya nusu inchi wazi juu ya bidoni ya lita 20. Ilijaa kwa sekunde 30. Kwa ule usiku, kama dakika 50, hizo zingekuwa hadi lita 2,000, bidoni 100, ingawa bomba la zamani lenye kutu huenda lilitoa pungufu. Na siku nne zile nilikuwa ninanunua bidoni mojamoja kwa wabebaji, ninapunguza hata maji ya kuogea.

Mwenye nyumba yuko Lubumbashi, tunaongea kwa sauti za simu. Nilimtumia picha za bomba, za ukuta, na zile karatasi mbili. Alikubali kukata dola 83 kwenye kodi, bila ubishi. Za yule kijana, 60, alikataa: “Mama, fakture yake iko wapi?” Na zile 20 za usiku sikumtajia hata kidogo, wala mume wangu sikumwambia hadi anaposoma hapa.

Vani ya kuingilia sasa mwanangu anaifunga na kuifungua kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na magunia ya makala yamehamia nyuma ya jiko. Koleo ya Papa imening’inizwa kwenye msumari kando ya konteri, pamoja na mpira wa pikipiki.

Mama wa aneksi nilimnunulia mpini mpya wa jembe. Ule wa zamani, kipande kilichobaki, nilitaka kukitupa, akaninyang’anya. Anapondea pilipili.